Siku Nilipopima Tangi Likiwa na Maji

Mimi ni fundi wa pancha. Kazi yangu ni upepo. Nikipiga gurudumu teke moja tu, najua kama limejaa au limelegea, hata kabla sijashika kipimo. Watu huniletea baiskeli, pikipiki, malori, hata toroli la kubebea saruji. Nayasema haya mapema ili ujue nilivyojiona. Nilijiona mjuzi wa upepo wote duniani.

Nyumbani tuna kisima. Kilichimbwa kwa mashine, ni shimo jembamba ambalo hata ndoo haiingii. Pampu imezamishwa chini kabisa. Inasukuma maji mpaka kwenye tangi la chuma, la buluu, lililo nje kwenye ukuta wa jiko. Tunaliita tangi la presha, kwa sababu ndilo linalosukuma maji mpaka kwenye mabomba.

Nyuma ya jiko mke wangu alikuwa na kitalu cha miche. Tangu tuoane alikuwa akisema anataka kitu chake mwenyewe, na mwaka ule alikipata. Kikundi cha wakulima kilimwagiza miche mia nne ya mipapai. Wangekuja kuichukua baada ya miezi miwili. Alipanda mbegu kwenye vifuko, akavipanga mistari, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Jua lilikuwa kali na mvua hakuna. Ukimtafuta, ungemkuta huko amechuchumaa, anaongea na mipapai yake.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini, akaniambia pampu haiko sawa.

"Haiko sawa vipi?" nilimuuliza.

"Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nimehesabu. Nikijaza ndoo moja, inawaka mara kumi na moja. Zamani nilikuwa najaza ndoo mbili nzima haijawaka. Na maji yanatoka kwa kurukaruka. Tumwite Mama Pampu."

Mama Pampu ni jirani yetu, fundi wa visima na mabomba. Yeye na mke wangu ni marafiki wakubwa. Mimi ananiita shemeji, na hakosi neno la kunitania. Nilijua nikimwita atanitangaza mtaa mzima kwamba fundi wa upepo kashindwa na tangi lake. Nikasema hakuna haja.

Nikaenda kuchukua kipimo changu cha matairi. Juu ya tangi kuna valvu ndogo, sawasawa na ile ya gurudumu. Niliweka kipimo pale. Mshale ukapanda mpaka arobaini na nane.

"Umeona?" nilimwambia. "Upepo umejaa tele. Mwenye presha hapa ni wewe, mama watoto, si tangi."

Nilicheka sana. Yeye hakucheka. Aliinama akachukua ndoo yake, akaenda kwenye miche.

Kesho yake niliipeleka hadithi hiyo kazini. Wateja wakavunjika mbavu. Haikupita wiki, wakawa wanampa salamu akipita, "Mama Presha, leo umepoa?" Aliitikia vizuri tu. Nilidhani amezoea. Leo nikikumbuka, naona aibu mpaka natamani ardhi inimeze.

Aliniambia tena mara moja. Tulikuwa tunakula. Alisema sasa ndoo moja ni mara ishirini. Nilimjibu kwamba nilishapima, bila kuinua macho kwenye sahani. Baada ya hapo hakusema tena.

Wiki ya tano tangu nipime tangi, asubuhi, bomba lilitoa maji kidogo, likakohoa, likakauka. Nilienda kwenye swichi ya pampu. Ilikuwa inanuka kama waya ulioungua. Safari hii mke wangu hakuniuliza. Alikwenda mwenyewe kumwita Mama Pampu.

Nilijiandaa kutaniwa. Lakini Mama Pampu aliitazama ile miche, akanitazama mimi, wala hakutania. Aliipima pampu kwa vifaa vyake, akatikisa kichwa. Mota ilikuwa imeungua.

"Shemeji, tangi hili nani alilipima?" aliuliza.

"Mimi. Lilikuwa na upepo arobaini na nane."

"Lilikuwa tupu au lilikuwa na maji?"

"Lilikuwa na maji."

Aliweka vifaa vyake chini. Kisha alinieleza taratibu, bila kunidharau. Ningeona afadhali anidharau.

"Gurudumu lina upepo peke yake," alisema. "Tangi hili ndani limegawanyika. Kuna mpira, kama tyubu. Upande mmoja yanakaa maji, upande wa pili unakaa upepo. Ukiwasha pampu, maji yanaingia yanaubana upepo. Ukifungua bomba, upepo unayasukuma maji yatoke, na pampu inapumzika. Upepo ukipungua, hakuna cha kusukuma. Kila ukichota kidogo, pampu inalazimika kuwaka. Inawaka na kuzima kutwa nzima mpaka inaungua."

"Lakini kipimo kilisoma juu," nilisema.

"Kilisoma msukumo wa maji. Maji yalikuwa yameubana upepo mdogo uliobaki. Upepo uliobanwa, hata uwe kidogo namna gani, utakuonyesha namba kubwa. Tangi la presha halipimwi likiwa na maji."

Akanionyesha namna ya kufanya. Kwanza alikata umeme. Alisema hiyo ndiyo hatua ya kwanza siku zote, hata kama pampu imekufa. Kisha alifungua bomba la chini ya tangi, akaacha maji yote yatoke mpaka tone la mwisho. Ndipo akaenda kwenye valvu, akaibonyeza kwa ncha ya msumari. Hakukutoka upepo. Yalitoka maji.

"Maji yakitokea hapa, mpira umepasuka," alisema. "Tangi kama hili halina dawa, ni kulibadilisha. Ungetoka upepo peke yake, ungejaza tu likiwa tupu. Pampu yako inawaka presha ikishuka mpaka thelathini. Upepo wa tangi tupu uwe chini ya hapo kidogo, ishirini na nane."

Nikamuuliza swali ambalo hadi leo natamani nisingeliuliza. Siku ile ya kwanza, mke wangu alipohesabu mara kumi na moja, tangi lilikuwa linataka nini?

"Siku ile pengine lilikuwa linataka upepo tu," alisema. "Kazi ya dakika ishirini."

Upepo. Mimi, ambaye kazini nina mashine ya upepo inayonguruma kuanzia asubuhi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia kila neno.

Pampu mpya na tangi jipya vilichukua siku kumi na mbili kufika. Tulibeba maji kwa madumu kutoka kwa majirani. Yalitosha kunywa, kupika na kuoga kwa kubana. Miche ilipata maji ya kuoshea vyombo. Ilikauka mstari kwa mstari. Mke wangu aling'oa ile iliyokufa, akakung'uta udongo, akavikunja vifuko vizuri na kuvihifadhi. Kati ya miche mia nne ilibaki thelathini na mmoja.

Wakulima walikuja siku waliyoahidi. Aliwapa viti. Aliwaeleza kwamba pampu iliharibika. Hawakumlaumu, ila walisema msimu haungoji, wakaenda kununua kwingine. Nilikuwa nimekaa palepale. Hakuwaambia kwa nini pampu iliharibika. Hakunitaja hata kidogo.

Sasa maji yetu ni mazuri. Mke wangu anajaza ndoo mbili na pampu imetulia kimya. Kila baada ya miezi sita nakata umeme, namwaga maji yote, napima upepo, naongeza mpaka ishirini na nane. Mteja akiniambia pampu ya kwake inawaka na kuzima, namwambia asisubiri hata siku mbili. Wale waliozoea lile jina la Presha nimewakataza, na mmoja tuligombana.

Kitalu nacho kimerudi. Kina miche mia moja hivi, ya kuanzia.

Nilimwomba mke wangu radhi. Nilimwambia wazi kwamba alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mjinga tena mwenye kiburi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yameisha."

Ni neno zuri. Kwetu ukishaambiwa yameisha, hakuna tena kesi. Na kweli hajawahi kunisimanga. Lakini nimegundua kuna kitu kingine kilichoisha. Juzi mlango wa nyuma ulianza kukwama, nikamkuta seremala ameshafika, mimi sijaambiwa. Jana mke wangu alisimama jikoni ametega sikio, kama mtu aliyesikia kitu kwenye paa. Niliweka chini kikombe changu.

"Umesikia nini?" nilimuuliza.

"Hakuna kitu," alisema, na akaendelea kufagia.