Pale Kilipokuwa Kinu cha Penner

Siku zile redio ya Arvilla Goertzen ilikaa jikoni, kati ya debe la unga na Biblia. Jumatano jioni alikanda mkate huku redio ikikwaruza. Elden, mumewe, hakuacha kumtania.

"Mama, leo hiyo redio unaipikia nini?"

"Nitaipikia wewe, usiponyamaza."

Ilikuwa redio ya kusikia na kusema. Arvilla alifanya mtihani, akapata leseni, akajiunga na majirani waliojitolea kutazama mawingu, ambao kila Jumatano waliitwa majina redioni. Huko Kansas, msimu wa ngano mbichi ndio msimu wa vimbunga. Rada ya ofisi ya hali ya hewa iliona mvua kwa mbali, lakini haikuona kilichokuwa chini ya wingu. Kwa hiyo macho ya watu yalihitajika.

Siku ya kwanza wingu jeusi lilipotanda, Arvilla alibonyeza kitufe bila kungoja.

"Kimbunga! Kiko pale kilipokuwa kinu cha Penner! Fanyeni haraka!"

Kinu hicho kiliungua Arvilla akiwa msichana. Wazawa wote walipajua mahali pake, na bado walipaita hivyo. Lakini kijana wa ofisi ya hali ya hewa alitoka mbali. Alikitafuta kinu kwenye ramani, asikione. Kwa kutojua ni wapi pa kuonya, mwishowe ving'ora vikalia wilaya nzima. Watu wakajificha chini ya ardhi, keki zikaungua majikoni. Kumbe hapakuwa na kimbunga. Lilikuwa wingu lililochanika tu, linaning'inia.

Jumapili, Tillie, kiongozi wa kwaya, alimngoja mlangoni mwa kanisa.

"Dada Arvilla, mawingu ya leo yana mikia?"

Watu wakacheka. Arvilla akarudi nyumbani na kuifunika redio kwa kitambaa.

Kesho yake alikuja Harlan Unruh, jirani yao. Huyu ndiye aliyepokea taarifa za watazamaji wote redioni na kuzipeleka ofisi ya hali ya hewa. Alikata mkate, akaupaka siagi, ndipo akauliza.

"Uliliona likizunguka?"

"Lilikuwa limeshuka chini, Ndugu Harlan. Jeusi tititi!"

"Mawingu mengi hushuka. Likazie macho kwanza. Linazunguka? Chini yake kuna vumbi, kuna vitu vinaruka? Kama huna hakika, sema huna hakika. Hiyo nayo ni taarifa."

"Na kinu?"

Harlan akacheka taratibu. "Mimi nilibeba ngano ya baba pale. Nakiona mpaka leo. Ila kwenye ramani hakipo. Taja barabara zinazokatana hapo ulipo. Kisha sema wingu liko upande gani wako, umbali gani, linaelekea wapi."

"Mvua ya mawe je?"

"Usiseme mawe makubwa. Sema kama mbaazi, au kama yai la kuku. Na sema uliyoyaona wewe, si ya kusimuliwa. Ukimaliza, achia kitufe, wengine nao waseme."

Arvilla akakiondoa kile kitambaa.

Mwisho wa Mei, Jumamosi mchana, binti yao Neva alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kanisa lilikuwa kaskazini mwa shamba lao. Upepo ukatulia ghafla. Ng'ombe wakajikusanya kwenye ua. Arvilla akasimama mlango wa nyuma na kipaza sauti, waya wake umenyooka kutoka jikoni. Elden alikuwa ameshika mlango wa shimo la kujifichia.

"Mama, ingia!"

"Ngoja nione."

Wingu lilishuka magharibi. Kidole kilimwasha, lakini hakubonyeza. Alilikazia macho. Lilizunguka. Vumbi likainuka chini yake, na bati la ghala likaruka kama karatasi. Ndipo akasema.

"Dharura. Ni Arvilla Goertzen, njia panda ya Barabara ya Kumi na Barabara ya Mierezi. Kimbunga kimegusa ardhi, maili mbili magharibi yangu. Kinazunguka, kinarusha mabati. Kinakwenda kaskazini mashariki."

Huko kinakokwenda ndiko alikokuwa Neva. Hakulitaja jina lake. Alimtajia Mungu tu, kimoyomoyo.

"Nimekupata," alijibu Harlan. "Sasa shuka chini, dada."

King'ora kikalia. Gizani, Elden alimshika mkono, wala hakutania.

Kimbunga kilipopita, walikimbilia kanisani. Paa halikuwapo, viti vilitawanyika kwenye ngano. Kisha mlango wa chumba cha chini ukafunguka, wanakwaya wakatoka mmoja mmoja. Neva alikuwa na kiatu kimoja. Arvilla akamkumbatia.

Tillie alikuwa analia na kucheka. "King'ora kilipolia nilisema, ni Arvilla tena na wingu lake! Halafu redio ya matangazo, jikoni mwa kanisa, ikataja Barabara ya Kumi na Mierezi, na kwamba kinakuja huku kwetu. Nikawaambia, enyi watoto, chini!"

Kanisa jipya lilijengwa karibu na mji. Harlan ametangulia mbele za Bwana, na Jumatano sauti nyingine huwaita watazamaji. Pale pa zamani ngano imeota. Watu hupaita "pale lilipokuwa kanisa." Arvilla naye hupaita hivyo akiwa na watu wa kwao, na sauti humlegea kidogo. Lakini wingu likitanda, huchukua kipaza sauti na kutaja barabara mbili zinazokatana hapo alipo.