Picha Iliyotazama Ukuta

Kila siku akitoka shule, Cherehani alipitia studio ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alisukuma begi chini ya meza, akanawa mikono, akafuta kiti cha wateja, kisha akaketi kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe kwa sababu mdomo wa mtoto huyo haukupumzika. Alikuwa na jina jingine la kwenye daftari la mahudhurio, lakini hata mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa amekwisha kulisahau.

Studio ilikuwa chumba kimoja tu, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Watu walikuja hapo kupiga picha za vitambulisho, za pasipoti na za fomu za chuo. Shangazi aliwaambia wote maneno yale yale.

"Kidevu juu kidogo. Usicheke. Tazama hapa." Taa iliwaka. "Haya, tumemaliza."

Mteja akisikia tumemaliza, mabega yalishuka, pumzi ikatoka, na uso ukarudi kuwa wake mwenyewe. Hapo hapo shangazi alibonyeza kamera mara ya pili.

"Hiyo ya pili ni yangu," alimwambia mteja huku akimwonyesha. "Ukiikataa, naifuta mbele yako sasa hivi."

Wengine walikataa, naye akafuta bila kununa. Wengi walijitazama, wakacheka, wakakubali. Kwa miaka mingi shangazi alikusanya picha hizo za pili, na aliamini kwamba ndizo kazi yake hasa.

Shangazi alikuwa mwanachama wa chama cha wapiga picha. Chama hicho kilikuwa na cheo kimoja cha juu kuliko vyote, Mwanachama Mwandamizi wa Heshima. Hakikununuliwa, wala hakikutolewa kwa sababu mtu amezeeka. Aliyekitaka alileta seti ya picha kumi na mbili, zikatundikwa ukumbini, majaji wakazipima mbele ya wanachama. Waliokipata walikuwa watu wa magazeti na wa harusi kubwa kubwa. Mwenye studio ya vitambulisho hakuwahi kukigusa.

Mwaka uliopita shangazi alijaribu. Mwenyekiti wa chama, mzee aliyevaa koti hata jua likiwaka vipi, alizitazama picha zake kwa haraka. "Dada yangu, hizi ni picha za vitambulisho," alisema. "Na nyuso zenyewe hazijasafishwa hata kidogo. Hapa tunatafuta sanaa."

Shangazi alizifunga picha zake, akamtazama usoni. "Nitarudi," alisema. "Tena nitarudi na nyuso hizi hizi."

Na sasa siku ya kurudi ilikuwa imekaribia. Ilikuwa nafasi ya mwisho, maana kanuni za chama zilisema kwamba anayekataliwa mara mbili hapimwi tena maisha yake yote. Cherehani alilijua hilo vizuri na lilimkosesha raha. Kila alipomkumbuka Mwenyekiti na koti lake, damu ilimchemka.

"Wasipokupa, nitakwenda kuwapigia kelele mpaka wazibe masikio," alisema.

"Hilo naliamini," shangazi alijibu. "Ila kwanza chapa hiyo picha ya mwisho. Mimi nakwenda kwa seremala kuchukua sanduku la kubebea picha. Na usisahau, kwenye seti hii hakisafishwi kitu. Kwenye fomu yangu nimeapa mwenyewe, kwa sahihi yangu, kwamba hakuna kilichofutwa wala kuongezwa."

Picha ya mwisho ilikuwa ya fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana mtaa wa pili. Fundi alikuwa na kovu refu kutoka kwenye nyusi hadi katikati ya shavu. Katika picha alikuwa ametoka tu kuambiwa tumemaliza, na alikuwa akicheka na mtu aliyesimama mlangoni.

Cherehani aliitazama kwenye kompyuta. Kila siku aliwafutia wateja chunusi walipomwomba, na mkono wake ulikwishaizoea kazi hiyo. Alisikia ile sauti ya Mwenyekiti: hazijasafishwa hata kidogo. Basi wanataka usafi, aliwaza, watapewa usafi! Alivuta kipanya, akafuta kovu kidogo kidogo, kuanzia juu kwenda chini, mpaka shavu likawa laini kama la mtoto. Aliichapa, akaigundisha kwenye kadibodi, akaifunga kwa karatasi kama zile nyingine. Shangazi aliporudi alihesabu vifurushi, akamshika bega.

"Ahsante, Cherehani. Bila wewe ningekwama."

Maneno hayo yalimchoma Cherehani moyoni. Lakini alijiambia kwamba amefanya kwa ajili ya shangazi, akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Chama kilikuwa na desturi yake. Mgombea hakutundika picha zake mwenyewe; zilitundikwa na wahudumu wa ukumbi, naye aliingia akazikuta ukutani. Kisha alikaa mbele, akiwapa watu mgongo, na hakuruhusiwa kusema neno mpaka majaji wampe nafasi. Akifungua mdomo kabla ya hapo, amekataliwa. Waliamini kwamba picha nzuri haihitaji mtu wa kuitetea.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Cherehani alikaa safu ya nyuma pamoja na jamaa za wagombea wengine. Shangazi aliingia amevaa gauni lake la kijani, akaketi, akainua macho. Alianza kuzitazama picha zake moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ya fundi, mgongo wake ulikakamaa, na Cherehani aliuona kutoka kule nyuma alikokuwa.

Majaji watatu walipita wakinong'ona. Mmoja wao alikuwa mama mwenye miwani minene, aliyefanya kazi ya magazeti maisha yake yote. Mwingine alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Alisimama mbele ya picha ya fundi, akatabasamu.

"Sasa hii ndiyo picha!" alisema kwa sauti ili ukumbi mzima usikie. "Tazameni uso huu. Safi! Kumbe dada yetu alisikia ushauri."

Shangazi aliinuka. Hakusema neno. Alitembea mpaka ukutani, akaishika ile picha ya fundi, akaigeuza ikatazama ukuta. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akakunja mikono.

Ukumbi ulilipuka kwa minong'ono.

"Mgombea! Unafanya nini?" Mwenyekiti aling'aka. "Nijibu!"

Shangazi alimtazama tu.

"Mwenyekiti, akikujibu si amekataliwa?" mtu mmoja aliuliza kutoka katikati, na watu wakaangua kicheko.

Cherehani hakucheka. Alielewa kwamba shangazi yake amefungwa mdomo na kanuni, na kwamba ukumbi mzima sasa unamwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua ni mkono wa nani. Aliogopa sana. Hata hivyo alisimama juu ya kiti ili aonekane.

"Mimi nitajibu!" alipaza sauti. "Mimi si mgombea!"

Vichwa vyote viligeuka.

"Nani huyu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mimi ni mtoto wa kaka yake. Picha hiyo ina uongo. Fundi ana kovu usoni, mimi nimelifuta kwenye kompyuta. Shangazi hakujua. Alinikataza nisisafishe kitu, nikasafisha."

"Na kwa nini ukafanya hivyo?"

Cherehani alihisi machozi yanakuja, na kwa kuwa hakutaka kumlilia mzee yule wa koti, alikasirika zaidi. "Kwa sababu mwaka jana wewe ulisema nyuso zake hazijasafishwa! Nikataka upate unachopenda, ili umpe anachostahili. Nimekosa. Lakini na wewe hukuzitazama zile nyuso!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama wa miwani minene aliinamisha kichwa, na ilikuwa vigumu kujua kama anatabasamu.

Mwenyekiti alikohoa, akavuta koti lake. "Naam. Mtoto ni mtoto. Kovu moja ni jambo dogo sana. Dada yangu, nakupa ruhusa ya kusema. Igeuze picha, tuendelee. Nikuambie ukweli, leo unaelekea kupita."

Moyo wa Cherehani uliruka. Aligeuka kumtazama shangazi. Geuza, alimwomba kimoyomoyo. Geuza tu!

Shangazi alisimama taratibu.

"Siigeuzi," alisema. "Cheo hiki nakitaka, sitawaficha. Nimekitaka tangu nikiwa nabeba taa za wenzangu kwenye harusi za watu. Lakini mtu aliye kwenye picha hiyo hayupo duniani. Fundi ninayemjua mimi ana kovu. Kama mnataka kunikataa, nikataeni kwa picha zangu kumi na moja za kweli. Ya uongo sikuipiga mimi."

"Basi umekataliwa," Mwenyekiti alisema, "na ni mara ya pili."

"Taratibu, Mwenyekiti," mama wa miwani alidakia. "Kanuni nilizitunga mimi pamoja na wewe. Seti isiyotimia haipimwi, na isiyopimwa haihesabiwi kuwa imekataliwa. Ameitoa picha mwenyewe kabla hatujapiga kura. Ana haki ya kurudi."

Jaji wa tatu aliitikia kwa kichwa. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akakosa wa kumuunga mkono.

Njia nzima ya kurudi shangazi alitembea mbele, amebeba picha zake. Cherehani alimfuata nyuma. Walipofika mlangoni pa studio, shangazi alisimama na ufunguo mkononi.

"Nimekasirika," alisema. "Sitajifanya sijakasirika."

"Nisamehe, Shangazi."

"Mimi nitakusamehe, taratibu. Ila si mimi uliyemfuta. Kesho utakwenda kwa fundi, peke yako, umwambie ulichomfanyia."

Kesho yake Cherehani alimkuta fundi kwenye karakana, ameinamia geti la chuma, cheche zikiruka. Alimsubiri azime mashine na kuvua kinyago chake cha kukinga uso.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo? Leo mdomo umekatika uzi?"

Cherehani alimweleza yote bila kuruka kitu. Fundi alisikiliza huku akipangusa mikono kwa tambara.

"Kwa hiyo umenifanya kijana mzuri," alisema mwishowe. "Mke wangu angeiona hiyo picha angeuliza ni mume wa nani." Kisha akaacha utani. "Njoo hapa. Unajua kovu hili lilipatikanaje? Nilikuwa najifunza kazi. Nikaona kinyago kinaniletea joto, nikakivua. Chuma kikanirukia. Kidogo tu nipoteze jicho. Sasa kila anayekuja kujifunza kwangu, kabla hajashika kitu chochote, namwonyesha hapa. Nikimaliza, simwambii tena habari ya kinyago. Anakivaa mwenyewe. Wewe umelifuta somo langu lote."

"Sikujua," Cherehani alisema kwa sauti ndogo.

"Hukuuliza. Ungeniuliza ningekuambia, tena bure."

Cherehani alikaribia kulia, lakini fundi alimgonga kichwani kidogo kwa tambara. "Mwambie shangazi yako kwamba siku akirudi huko nitakuja. Nataka huyo mwenye koti anione mwenyewe."

Miezi ilipita. Kila jioni Cherehani na shangazi walizichapa upya picha zote kumi na mbili. Nyeusi ikizidi walirudia, nyeupe ikififia walirudia. Cherehani alichoka mpaka akalala mezani, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Ya fundi aliichapa mwenyewe, kovu likiwa mahali pake, na safari hii shangazi alikifungua kila kifurushi akakikagua. Cherehani aliona uchungu, ila alijua kwamba imani ya mtu hairudi kwa kuombwa.

Ukumbini fundi alikuja na ovaroli lake la kazini, akakaa safu ya mbele kabisa. Mwenyekiti alipofika kwenye picha yake, alitazama picha, akamtazama fundi, akarudi kutazama picha. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akarudi mwanzo wa ukuta, akaanza kuzitazama zote upya, polepole, kama mtu anayezikuta mara ya kwanza.

Kura zilipohesabiwa, majaji wote watatu walikuwa wamekubali. Fundi alipiga mluzi, na Cherehani akapiga kelele zile alizokuwa ameahidi.

Mwenyekiti mwenyewe alimbandika shangazi beji kifuani. "Nilikosea mwaka ule," alisema bila kupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walisikia.

"Ulikosea," shangazi alikubali, wala hakumpunguzia.

Kisha akamwita Cherehani mbele, akamshikisha beji ile kwa vidole. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile ingewezekana kabisa nivae hii. Ningeivaa, na kila nikipita mtaa wa pili ningevuka barabara nisikutane na fundi. Heshima ya kukimbia watu si heshima. Ukitaka kitu, kipiganie kwa nguvu zako zote, hata wakikucheka, hata wakikukataa. Lakini kipiganie kwa kazi yako ya kweli, ili ukikipata kiwe chako."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Najua. Ulielewa siku uliposimama juu ya kiti."

Mpiga picha wa chama alikuwa akingoja. Ilikuwa desturi kumpiga mwanachama mpya picha rasmi ya kutundikwa ukumbini. Shangazi alisimama wima, kidevu juu, uso mkavu kama wa mteja yeyote wa kitambulisho. Taa iliwaka.

"Tumemaliza," mpiga picha alisema.

Mabega ya shangazi yalishuka. Pumzi ilimtoka. Jasho lilikuwa limemchora mistari kwenye poda, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakaanza kumtiririka huku akicheka kwa sauti. Hapo hapo Cherehani, aliyeiazima kamera ya zamani ya studio, akabonyeza.

"Hii ya pili ni yangu," alisema, akamwonyesha. "Ukiikataa, naifuta mbele yako."

Shangazi aliitazama kwa muda, jasho, machozi na yote.

"Nikusafishe uso kidogo?" Cherehani aliuliza.

"Thubutu!"