Mstari kwenye Kadi za Bibi

Kila tulipotoka shule, mimi na mdogo wangu Kidoti, tuliyembandika jina hilo kwa ajili ya alama ya shavuni, tulibadili sare, tukanawa, kisha Bibi akatuuliza tulichojifunza. Siku hiyo Kidoti alisema kesho yake shuleni kungekuwa na maonyesho ya historia ya kompyuta. Bibi alitabasamu, akaingia chumbani na kutoka na boksi la kadi ngumu zenye vitundu.

Ujanani Bibi alikuwa mtoboa kadi. Alituambia kompyuta ya ofisini kwao ilijaa chumba kizima, haikuwa na kioo wala kipanya, na maagizo yote iliyapata kupitia matundu ya kadi. Kadi moja ilibeba agizo moja, na hizi zilikuwa mia mbili. Alisema angekuja shuleni kuzionyesha mwenyewe, na msaidizi wake angekuwa Kidoti.

Kidoti! Na mkubwa ni mimi! Kweli, kila Bibi alipoanza habari za kadi zake mimi nilikimbilia nje kucheza, na Kidoti ndiye aliyebaki kusikiliza. Lakini mwenye wivu hakumbuki hayo. Roho iliniuma hadi chai ikanishinda.

Kidoti alipokwenda kuanua nguo, nilizichanganya zile kadi kama karata. Nyingine kama kumi nikazichomeka kwenye begi langu, nami niwe na changu cha kuonyesha. Matundu ni matundu, nilijiambia, nani atajua?

Asubuhi Bibi alifungua boksi, akatazama kingo za juu za kadi. Kisha akatueleza. Kadi zikishapangwa, mtoboaji alichora kwa wino mstari wa mshazari kupita kingo zote. Zikianguka, mstari huo ndio uliomwonyesha kila kadi ilipotoka. Sasa wino ulikuwa umetapakaa ovyo, hapa chembe, pale chembe.

Kidoti akaanza kulia. "Labda ni mimi, Bibi. Jana nililibeba boksi vibaya."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maonyesho yalikuwa saa nne, kwa hiyo tulikaa sakafuni tukaanza kupanga. Mstari ulijitokeza kidogo kidogo, ila hapa na pale uliruka. Bibi hakumtazama Kidoti. Alinitazama mimi.

Nilikwenda kwenye begi nikazitoa zilizobaki.

"Ni mimi, Bibi," nilisema. "Nilimwonea Kidoti wivu. Nisameheni."

Kidoti alifuta machozi, akazipokea na kuzipachika mahali pake. Mstari ukanyooka.

Shuleni yeye alieleza mashine. Mimi, kwa amri ya Bibi, niliangusha kadi ishirini mbele ya watu, nikaonyesha zinavyorudishwa kwa kufuata wino. Tulipigiwa makofi sote wawili.

Tukiwa njiani kurudi, Bibi alinishika mkono.

"Kompyuta hazikuletwa na mtu mmoja, mjukuu wangu. Mimi nilitoboa, mwenzangu alikagua, mwingine aliilisha mashine. Mmoja wetu akimwonea mwenzake kijicho na kuvuruga kazi, sote tulirudi mwanzo. Ungeniomba nafasi, ningekupa. Wivu ukikubana tena, njoo uniambie. Kusema ni rahisi kuliko kupanga kadi mia mbili."

Nilimwamini. Vidole vyangu vilikuwa bado vinauma.