Jina Chini ya Ngozi

Siku ya kwanza, aliyeitika hakuwa yeye.

Fundi funguo alikuwa ameinuka kwenda kuzima jiko, hedifoni kaiacha juu ya kiti na maiki wazi. Aliporudi akawakuta wenzake wa mchezo wa mtandaoni wanacheka.

"Dada, umemficha mwanamume humo ndani?" aliuliza Bamia. "Nimekuita wewe, kaitika yeye. Kasema naam, sauti nzito, ya kukwaruza."

"Mwanamume gani? Niko na mwanangu tu, naye kalala."

Wakacheka tena, mchezo ukaendelea. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua linawaka, kwa hiyo anayewaambia majini hungoja giza anawadanganya.

Timu yao ilikuwa ya watu wanne wasiowahi kuonana sura. Walijuana kwa majina ya mchezoni, na wiki hiyohiyo walikuwa wameulizana kila mmoja lake kalitoa wapi. Bamia alikuwa karani anayepanda bamia kwenye ndoo za rangi barazani, na hana zao jingine analoliweza. Njiwa Sita alianza kufuga njiwa alipofiwa na baba yake. Kushoto alikuwa nesi, kachapwa utoto mzima kwa kuandikia mkono huo, akaona bora alitangaze. Zamu ya fundi ilipofika, akasema lake ni la ukoo, kalikuta kwenye sanduku la zana la marehemu babu yake. Hilo jina mimi silitaji. Nina watoto.

Babu naye alikuwa fundi funguo. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake alipigilia kipande cha ngozi kwa misumari kumi na miwili, na nyumba nzima ilikatazwa kukigusa. Mjukuu alipolirithi sanduku aliibandua ngozi kwa bisibisi, kwa udadisi tu, akakuta jina moja limechongwa kwenye mbao. Akalipenda, lilikuwa na mshindo. Basi kwa miaka miwili, kila akishafunga kibanda chake cha funguo, watu watatu walilitaja mara hamsini kwa alasiri moja: fulani njoo, fulani ingia, fulani nakufa huku, nisaidie.

Baada ya ile naam, nyumba ilianza kunuka chuma kilicholowa. Funguo zilizotundikwa ukutani zikawa zinagongana zenyewe, na madirisha yamefungwa. Halafu mwanawe wa miaka sita, ambaye kila mtu alimwita Kidoti kwa ile alama nyeusi chini ya jicho, akaacha kula.

"Mama," mtoto alinong'ona alasiri moja, "yule anayesimama nyuma ya kiti chako wakikuita, mbona anazidi kunenepa?"

Fundi hakugeuka. Alikaa vilevile, mikono juu ya meza, akisikia kwenye hedifoni Bamia anamwita na kumwita tena, na kila akiitwa ile harufu ilimsogelea shingoni, mpaka akahisi pumzi ya baridi inaingia kwenye kola ya gauni lake na kushuka mgongoni polepole, kana kwamba mtu anapapasa kitasa gizani kutafuta tundu la ufunguo.

Akampigia simu shangazi yake, mtoto pekee wa babu aliyebaki hai. Shangazi alifika kesho yake, akanusa hewa mlangoni, asivuke kizingiti.

"Nani kabandua ngozi?"

"Mimi, shangazi. Ni jina la mchezo tu."

"Kaka zangu wawili wamezikwa kwa jina tu." Aliongea chini chini, macho kwenye funguo. "Mama yetu alilisikia njiani, hajui la nani, akamwita nalo mbwa. Kila akimwita mbwa, anakuja na huyu. Baba hakujua kufukuza, alijua kufunga. Akamuua mbwa, akalichonga jina, akalifunika lisitajwe tena. Asiyeitwa hunyauka, mwanangu. Miaka arobaini tumemnyima, wewe umemlisha kwa vinywa vya watu."

"Nifanyeje?"

"Hapo kwenye mashine ulipomweka, pafunge. Pote. Usibakize kitu."

Fundi akasema amesikia. Lakini fainali ya mashindano yao ilikuwa Jumamosi, na kufunga akaunti ni kufuta miaka miwili ya jasho, cheo chote kipotee. Sikio la kufa halisikii dawa. Akabadili jina peke yake. Akaunti ileile, cheo kilekile, kilichobadilika ni maandishi tu. Na huyu ni mtu anayechonga funguo kila siku. Nani angemfundisha kwamba kubadili kibao cha mlangoni hakumtoi aliyemo ndani?

Jina jipya hakuliwaza sana. Mtoto alikuwa kakaa pajani, kwa hiyo akaandika Kidoti.

Jumamosi walicheza saa tatu mfululizo. Kidoti njoo. Kidoti ingia. Kidoti, Kidoti, nakufa huku. Wakashinda. Fundi alipovua hedifoni, harufu ilikuwa imeondoka na funguo zimetulia ukutani. Alilia kwa furaha, akaenda chumbani kwa mwanawe.

"Kidoti, tumeshinda."

"Abee, mama."

Sauti ilikuwa ya mwanawe hasa, tamu, ya mtoto aliyeshiba, ila ilitoka nyuma ya mgongo wake, kutoka kwenye kile kiti alichotoka kukiacha, na mtoto mwenyewe alikuwa mbele yake kitandani, midomo kaifumba, anamtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Akaunti ilifungwa siku hiyohiyo. Fundi na shangazi walijaribu kumwita mtoto kwa jina la shuleni, kwa jina la bibi yake, kwa mwanangu, hakugeuza shingo.

"Alilokuzwa nalo limechukuliwa," alisema shangazi. "Mengine hayamfikii. Na hilo usilitaje tena, utamlisha."

Fundi akachonga jina la pili chini ya lile la kwanza, akarudisha ngozi, akaipigilia misumari kumi na miwili.

Tangu hapo nyumba ile ni kimya. Mtoto hukaa kitandani akingoja kuitwa, na kila wiki gauni linampwaya zaidi. Asiyeitwa hunyauka, shangazi hakusema ni majini peke yao. Fundi alivumilia mwezi mzima, akiung'ata ulimi wake mpaka ukatoka damu. Alasiri moja, akimvisha, akaona mkono wa mwanawe umekuwa mwembamba kuliko kidole gumba chake. Uvumilivu ukamwisha. Akapiga magoti, akamwita, mara moja tu, kwa sauti ya chini kabisa.

Mtoto hakupepesa jicho. Kutoka chumba cha pili kiti kilisogezwa, na nyayo ndogo nzito, za mtoto aliyenona, zikaja mbio.

"Abee, mama. Mbona ulikuwa huniiti?"