Mwalimu wa Chumba cha Juu

Nyuzi za magitaa zilikuwa zimekazwa sawasawa, na hilo ndilo lililomuudhi Sonoe. Jana waliyaacha yamelegea ovyo, kama walivyoyataka wenyewe, maana bendi yao iliitwa Kunguni na albamu waliyokuwa wakirekodi ingeitwa Kohozi. Wasichana watatu, nyimbo kumi na moja, wiki moja katika chumba cha kukodi juu ya duka la tofu, ile jibini ya soya, mjini Amagasaki, Japani. Hawakuja kumpendeza mtu.

Aliuliza nani kajitia fundi. Tamaki, mpiga besi, akaapa si yeye. Kikuyo, mwimbaji na mpiga gitaa wao, aligeukia dirishani.

Sonoe alipiga ngoma, na alidharau karibu kila kitu: wapiga ngoma wa kiume, watu wanaowahi miadi, mama yake, na zaidi ya wote, wanaopenda kufundisha wenzao. Kwa hiyo waliposikiliza kanda saa sita mchana na kusikia, chini ya ngoma zake, kijiti kikigonga ubao, tak, tak, tak, kikishika mwendo pale yeye alipoharakisha, hakuogopa. Alikasirika. Muuza tofu aliwaambia chumba kile kilikuwa cha Mzee Hirobe, mwalimu wa kuimba, aliyefia kitini katikati ya somo. Mwanafunzi wake aliendelea kuimba nusu saa nzima. Hakuthubutu kunyamaza.

"Mzee mshenzi," Sonoe akasema. "Hata kufa kwake ni kusumbua watu."

Siku ya tatu iliingia harufu ya mafuta ya nywele ya kizamani, nayo haikutoka hata walipofungua madirisha yote. Siku ya nne Kikuyo, ambaye mayowe yake yaliwahi kumfukuzisha nyumba mbili, alifungua kinywa na sauti iliyotoka ilikuwa laini, safi, ya kumwimbia mkwe. Akasimama wima, mikono kaikunja tumboni, macho kayakaza kwenye kona isiyo na mtu, na Sonoe alipoacha kupiga ili amcheke, kijiti hakikuacha, kiligonga kikitoka konani kikifuata ukuta, kikatoka ukutani kikaja nyuma ya kiti chake, mpaka baridi ikamshika shingoni na pigo moja likatua juu ya vidole vyake, na mstari mwekundu ukavimba mbele ya macho yake na hapakuwa na mkono uliopiga.

Tamaki ndiye aliyemleta Bibi Ushio, mwaguzi, aliyekuja na baiskeli, chumvi na sake, pombe ya mchele, kapuni. Bibi alinusa mara moja akakunja uso. Alisema wafu wengi hutaka chakula, au kukumbukwa. Huyu anataka kusahihisha, na wa aina hiyo hawakai ila walipokaribishwa.

"Nani kati yenu amemshukuru?" akauliza.

Kikuyo alianza kulia. "Ameniambia nina sauti," alinong'ona. "Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Na sisi je?" Sonoe akamsonya. "Miaka minne tuko nyuma yako, shoga."

"Nyinyi mnasema najua kupiga kelele."

Sonoe alimtazama kama anayetazama matapishi mlangoni.

Bibi alimwaga chumvi pembe zote nne, akanyunyiza sake, akaomba hadi koo likamkauka. Kijiti kikanyamaza. Harufu ikakatika kama iliyofungiwa chupani. Bibi alipokuwa akivaa viatu, Sonoe alimfuata mlangoni akamuuliza, kwa kejeli kidogo, kama sasa yamekwisha.

"Chumba ni safi, mwanangu," bibi akasema chini chini, bila kumtazama Kikuyo. "Mimi niliitiwa chumba." Akashuka ngazi upesi kuliko umri wake.

Kikuyo alikuwa amekwisha kufuta machozi. Kwa upole alisema warudie albamu yote tangu wimbo wa kwanza, na mpiga ngoma akae vizuri. Tamaki alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Sonoe aliketi. Alitafuta tusi, yeye ambaye hakuwahi kulikosa, huku mgongo wake ukinyooka wenyewe, pingili kwa pingili.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.