Mbwa Chini ya Meza ya Kukatia

Mama Kifungo ni fundi wa kushona. Cherehani yake iko barazani, karibu na mlango. Nyuma yake kuna meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mumewe ni fundi baiskeli, hufanya kazi uani. Binti yao wa mwisho wanamwita Kifungo. Tangu aanze kutambaa, mtoto huyo huokota vifungo vya nguo na kuvificha kama dhahabu.

Sasa, Mama Kifungo ana tabia yake. Anashuku kila kitu. Ukimletea kitambaa, atakinusa. Ukimsifia, atakuuliza unataka nini. Jirani akimwamkia mara mbili kwa siku moja, atasema, "Huyu ana jambo."

Basi fikiria siku mumewe alipoingia na mbwa! Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya majani makavu, mbavu nje, sikio limechanika.

"Huyo ni nani?" Mama aliuliza. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

"Mbwa."

"Naona ni mbwa, sina chongo. Wa nani?"

"Hana mwenyewe. Amenifuata tu kutoka barabarani."

"Amekufuata tu! Mbwa mzuri hatupwi, mume wangu. Aliyemtupa anajua alichokimbia."

"Ana njaa, mke wangu. Njaa nayo ni kosa?"

"Hata mwizi huanza kwa njaa."

Mbwa hakusubiri hukumu. Aliingia chini ya meza ya kukatia, akalala juu ya mabaki ya vitambaa. Kifungo alipiga makofi kwa furaha. Mama akampa mgeni jina hapohapo: Mshukiwa.

Tangu siku hiyo, kila kilichopotea kilikuwa kesi ya Mshukiwa. Utepe wa kupimia usipoonekana, ni Mshukiwa. Samaki akipungua kwenye sufuria, ni Mshukiwa, ingawa Baba Kifungo ndiye aliyekuwa akilamba vidole. "Kikulacho ki nguoni mwako," Mama alisema, akichungulia chini ya meza. Mbwa naye alimchungulia. Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Asubuhi moja Mshukiwa alikuwa anakula makombo kwenye bakuli lake. Kifungo akaona kifungo chekundu kimeangukia humo ndani. Akapeleka mkono. Mbwa akanguruma. Mtoto hakujali, akatia vidole kwenye chakula. Hap! Jino likamchoma kidole. Tone la damu likatoka.

"Nilijua!" Mama aliruka, akakamata rula yake ndefu ya mbao. "Nilijua mimi! Toka! Toka, na usirudi!"

Mbwa alitoka mbio bila kugeuka nyuma.

Ndugu msomaji, fundi wa cherehani huchomwa na sindano kila siku. Mama Kifungo alikuwa na dawa yake. Tone la mafuta ya cherehani, kipande cha kitambaa, fundo, kazi inaendelea. Alipokitazama kidole cha bintiye, aliona tundu dogo, kama la sindano. Akatia mafuta. Akafunga kitambaa.

"Nyamaza," alimwambia. "Hilo si jeraha. Majeraha nayajua mimi."

Jamani! Katika nyumba ile alikuwa ameshuku kila kitu, hata samaki. Tundu lile hakulishuku.

Mchana alifika nesi wa zahanati kujaribu sare yake mpya. Haikuwa mara yake ya kwanza kuja. Ile "njoo kesho" ya mafundi mnaijua.

"Fundi, leo ipo?"

"Ipo, dada nesi. Bado vifungo tu."

"Hata juzi vilibaki vifungo tu." Nesi akamtazama mtoto. "Na wewe, kidole kimefanya nini?"

"Mshukiwa ameniuma kidogo," Kifungo alisema.

"Mshukiwa ndiye nani?"

"Mbwa wetu."

Nesi aliiweka sare mezani. Uso wake ulibadilika.

"Mmekiosha?"

"Nimekitia mafuta ya cherehani," Mama alijibu kwa majivuno.

"Mbwa amechanjwa?"

"Nitajuaje? Ni mbwa wa mtaani."

"Yuko wapi sasa?"

"Nimemfukuza."

Nesi alishika kichwa. "Mama Kifungo! Lete sabuni. Bomba liko wapi?"

Wakaenda uani. Nesi alikifungua kitambaa, akafungua bomba, akakiosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka. Aliosha, akaosha tena. Kifungo alianza kulia.

"Dada nesi, kwani huko kuosha hakuishi?" Mama aliuliza.

"Robo saa nzima. Hii ndiyo dawa ya kwanza."

Mama alikunja uso. "Au unanitisha ili niharakishe sare yako?"

"Sare iache! Umewahi kusikia kichaa cha mbwa?"

"Si yule mbwa anayetoka povu na kukimbiza watu? Huyu alikuwa mzima. Alikuwa anakula."

"Sikiliza, fundi. Mbwa anaweza kuonekana mzima, kumbe ugonjwa umo tayari kwenye mate yake. Mate yakiingia kwenye jeraha, hata mkwaruzo, ugonjwa husafiri polepole kwenda kwenye ubongo. Unaweza kuchukua wiki, hata miezi. Mtoto anacheza, anakula, mnasahau. Siku dalili zikitokea, umechelewa. Karibu wote hufa."

Baba Kifungo alikuwa amesimama karibu, mikono imejaa grisi. Aliifuta kwenye suruali, akamsogelea mtoto.

"Lakini tundu lenyewe dogo hivi!" Mama alikiinamia kidole.

"Mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini ugonjwa huu unazuilika. Akichanjwa mapema, kabla ya dalili, anakuwa salama. Twendeni zahanati sasa hivi."

"Nasikia sindano zake huchomwa tumboni, tena zinaumiza vibaya."

"Hayo ni ya zamani. Siku hizi ni mkononi. Kwani wewe unashuku chanjo, halafu unaamini mafuta ya cherehani?"

Mama Kifungo alimbeba mtoto, akatangulia mlangoni bila kubisha. Mumewe hakuwahi kuona jambo kama hilo.

Kule zahanati, Kifungo alichomwa chanjo ya kwanza. Kwa kuwa kidole kilitoka damu, daktari alimpa pia dawa nyingine, akaichoma palepale penye jeraha. Kisha akawaambia siku za kurudi. "Msiruke hata moja," alisema.

"Sasa tumtafute mbwa," nesi alisema walipotoka nje.

"Wa nini tena?" Mama alishangaa. "Si bora aende zake?"

"Ukimfukuza au ukimuua, hatujui kama alikuwa mgonjwa. Na kama ni mgonjwa, atauma mtoto wa mwingine. Afungwe, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima, basi hakuwa na kichaa siku ile alipouma. Lakini chanjo ya mtoto haisubiri mbwa. Na msimshike wenyewe. Mwiteni bwana mifugo."

Ndiyo hivyo. Mwanamke aliyemfukuza mbwa kwa rula alizunguka mitaani na bwana mifugo akimtafuta.

"Mshukiwa! Mshukiwa!" aliita.

Watu walitoa vichwa madirishani. "Nani kaibiwa?"

"Hakuna aliyeibiwa! Natafuta mbwa wangu!"

Alijisikia mwenyewe akisema "mbwa wangu," akaona haya.

Walimkuta chini ya mkokoteni, nyuma ya duka la mikate. Bwana mifugo alimnasa kwa kitanzi chenye mpini mrefu. Akamfunga kwa mnyororo kwenye kona ya ua, mbali na mtoto.

Zile siku kumi, jamani, zilikuwa ndefu. Mama aligeuza cherehani ielekee uani. Alishona jicho moja kwenye nguo, jicho moja kwa mbwa.

"Amepiga chafya!"

"Mbwa hawapigi chafya?" mumewe aliuliza.

"Maji hajayagusa tangu asubuhi."

"Ametoka kunywa sasa hivi."

"Mbona anatazama ukuta?"

"Labda amechoka kukutazama wewe."

Mama hakucheka. Aliogopa, tena sana. Kila siku alisukuma bakuli la chakula kwa fimbo ndefu, akasimama mbali akiomba. "Kula, baba. Kula, nakusihi. Ukiugua wewe, mimi nitafanyaje na mwanangu?"

Siku ya mwisho bwana mifugo alimkagua mbwa, macho, mdomo, mwendo. "Mzima kabisa," alisema. Akamchanja hapohapo, akasisitiza arudiwe kila mwaka. Nesi naye alisema Kifungo amalize sindano zilizobaki, ili kusiwe na wasiwasi wowote.

Siku hizi mbwa hula kwenye kona yake na hakuna anayemsogelea akila. Karibu na bomba kuna sabuni wakati wote. Mtoto wa jirani alipokwaruzwa na paka, Mama Kifungo hakumwachia jirani nafasi ya kueleza. "Maneno baadaye," alisema. "Mlete kwenye maji kwanza, halafu mwende zahanati."

Lakini jioni ile ya siku ya kumi, bwana mifugo alipoondoka, Mama Kifungo alikaa kwenye ngazi ya baraza akalia. Kifungo alikuja akakaa karibu naye.

"Mama, kwani ningekufa?"

Mama angeweza kusema hapana. Wazazi wengi wangesema hivyo. Akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Ndiyo, mwanangu. Mbwa angekuwa mgonjwa, ungekufa. Na mimi ningekuwa hapahapa, nashona."

Akamvuta bintiye kifuani, akamkumbatia kwa nguvu. Siku hiyo hakurudi tena kwenye cherehani.