Damu Iliyomjua Jeremy

Sungura wa kizimba cha mwisho alikataa sukuma wiki.

Akeyo alimsukumia bua moja kwenye waya, akamsukumia na jingine, akamwambia kwa Kijaluo kwamba leo anaringa. Sungura wale wote aliwalea kwa Kijaluo na hakuna aliyewahi kulalamika. Wenzake walikuwa wakitafuna kwa fujo yao ya kila asubuhi. Yule mmoja alikaa wima, masikio yamesimama, akitazama juu ya bega la Akeyo, pale kichwa cha mwanawe Jeremy kilipochungulia kutoka mgongoni. Akeyo akasogea kushoto kuchukua ufagio, sungura naye akasogea kushoto. Akarudi kulia huku akijicheka, na mnyama akarudi kulia, pua ikicheza kama ya mtu anayenusa chungu cha jirani. Mtoto, aliyekuwa ananung'unika tangu walipotoka Kibera, alinyamaza kimya.

Sungura si mnyama wa kumkazia mtu macho. Ukimkaribia hutazama pembeni na kutetemeka, roho mkononi. Huyu hakutetemeka hata kidogo. Akeyo alifunga banda, akanawa mikono, na hakumwambia mtu. Angesema nini, kwamba ametazamwa na sungura?

Jioni, alipomvua Jeremy shati chumbani kwao Mashimoni, kule Kibera, alikuta kitovu kimelowa. Kitovu kilichopona zamani! Mtoto sasa alikuwa anakaa mwenyewe na kung'ata kidole cha yeyote aliyempa. Akeyo akapangusa kwa kitambaa, akakinusa. Kilinuka uzazi: damu ya vuguvugu na yale maji, harufu ileile iliyojaa chumba hicho siku mkunga alipomtoa.

Sasa acha nieleze kazi ya Akeyo, maana bila hiyo utasema ni jirani mwenye kijicho, na majirani wa Mashimoni hawakuwa na kosa lolote hapa. Huko Kawangware, nyuma ya nyumba ya mawe ya Shosho Waruguru, ajuza wa Kikuyu, Daktari Murunga alikodi vyumba akafungua maabara ndogo. Hakutibu mtu. Alitengeneza kingamwili za kuwauzia watafiti. Akeyo aliosha chupa na kulisha sungura, na Tabby, msichana wa kumsaidia daktari, ndiye aliyemfafanulia siku moja wakiwa kwenye sinki.

"Mwilini kuna enzaimu fulani," alisema Tabby. "Kazi yake ni kubomoa nyama ya zamani ndio mpya ijengwe. Kidonda kikipona, iko. Mimba ikikua, iko. Sisi tunaitoa kwa nyama ya mtu, tunamdunga sungura, damu yake inaichukia na kuikariri. Halafu tunatoa hiyo damu kwa sikio, tunachuja, tunamwagia kipande cha nyama kwa glasi. Mahali enzaimu imejificha panageuka kahawia."

"Kwa hivyo damu inaitafuta."

"Ndio kazi yake. Kutafuta tu."

Akeyo aliipenda hiyo. Aliona ni kazi safi, ya watu wenye makoti meupe na friza inayonguruma usiku na mchana. Na kwa sababu aliiamini friza ile, alifanya kosa ambalo mtu wa mashambani asingeweza kulifanya.

Kwao Akeyo, na kwa mumewe Benard vilevile, kwenu ni pale kondo lako la nyuma lilipozikwa. Jeremy alizaliwa mvua ya El Nino ilipokuwa inamwagika kama imetumwa, madaraja yamesombwa, njia ya Siaya imekatika. Mashimoni nako utachimba wapi? Ukipiga jembe unapiga mtaro wa mwenzako. Mkunga alitaka kulitupa kondo chooni kama anavyofanyia wengine, na Akeyo, akiwa bado amelala chini, alimwambia akithubutu watapigana. Asubuhi Benard akalitia kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, akalipeleka Kawangware, akamkabidhi Tabby mlangoni. "Hii ni ya Akeyo, muiweke kwa friza," akasema, akakimbilia kazi ya mjengo. Wangelichukua barabara zikifunguka, walizike nyumbani kwa baba yake Benard kama ilivyo heshima. Akeyo akalala usingizi mzuri. Mwanawe angekuwa na kwao.

Basi turudi kwenye kitovu. Kliniki walimpaka dawa ile ya zambarau na kumgombeza Akeyo kuhusu uchafu. Dawa haikusaidia. Kovu la chanjo mkononi mwa mtoto likalainika na kufunguka. Ufizi ulipokuwa unatoka jino ukavimba ukavuja damu. Kila mahali nyama ya Jeremy ilipokuwa imejifunga au inajijenga, kitu kilikuwa kinapita na kufungua. Kisha Akeyo mwenyewe akaamka na maumivu pale alipochanika wakati wa kujifungua, pale mkunga alipomhakikishia amepona kabisa, akaona damu kwenye kanga, akakaa kitandani akishika tumbo na kuogopa kusema.

Ikaja jioni ile ya mlio. Majirani walikuwa wanawasha makoroboi, moshi wa mkaa umetanda kwenye ujia, na Akeyo alikuwa anakoroga uji aliposikia chini ya kitanda du, kisha kimya, kisha du du, mlio aliokuwa akiusikia kila siku kazini, wa sungura kupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, na chini ya kitanda kile hapakuwa na kitu ila ndoo na sufuria, naye alilijua hilo kwa kuwa alikuwa ametoka kupiga deki, na bado mlio ukasogea taratibu kutoka ukutani hadi miguuni pa kitanda, hadi pale hasa Jeremy alipolazwa, ukatulia hapo, na ile harufu ya uzazi ikapanda ikaishinda harufu ya uji na ya mkaa na ya mtaro wa nje.

"Panya," alisema Benard kwa sauti ya chini.

"Panya hagongi."

"Basi nyamaza, utaamsha mtoto."

"Ameamka," Akeyo akanong'ona. "Tazama. Anakichekea."

Na kweli Jeremy alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda, anatazama chini, anacheka kile kicheko cha mtoto aliyemwona mtu wake, na nepi yake ilikuwa imelowa damu kutoka kitovuni.

Asubuhi iliyofuata Akeyo alikwenda Kawangware kuchukua kondo. Barabara zilikuwa zimefunguka na alikwisha amua: mtoto alikuwa anaitwa nyumbani, azikiwe kilicho chake na mambo yaishe. Alifungua friza, akapekua. Mkebe haukuwamo. Aliuona juu ya rafu, umeoshwa, umejaa brashi.

"Tabby, kilichokuwa humu kiko wapi?"

"Ile placenta? Si daktari alitumia." Tabby alitabasamu, kisha tabasamu likamkwama. "Si ulituletea? Alikuwa ameomba hospitali zote wakamnyima. Mzee wako alipoileta tukasema, manze, Mama Jeremy ametuokoa."

Akeyo alishika meza. "Mlimdunga nani?"

Tabby alitazama upande wa banda, na Akeyo akajua ni kizimba gani.

"Kuna kitu kingine," Tabby akasema akishusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Damu yake haifanyi kazi. Tumejaribu nyama za watu wengine, za vidonda, za mimba, glasi inabaki nyeupe. Tulipoijaribu kwa kipande cha mwisho cha kwako, glasi yote ikawa nyeusi. Hiyo damu haitafuti enzaimu, Mama Jeremy. Inatafuta mtoto wako."

Daktari Murunga alipoingia na kuambiwa, alikasirika kwanza na kuona aibu baadaye, na aibu yenyewe haikudumu. "Uliweka nyama kwa friza ya kazi, bila jina, bila maelezo," alisema. "Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Mtoto ana maambukizi. Mpeleke hospitali. Mambo ya mapepo uache kwenu."

"Kwetu ndiko ulikokusaga, daktari. Nipe huyo sungura na hizo chupa."

"Miezi yote hii ya kazi? Ondoka, Akeyo. Ondoka kabla sijasema neno baya."

Akeyo akaondoka. Alishuka kwa miguu, mtoto mgongoni amelegea kama nguo mbichi, akapita mtaa wa Ayany bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja mtaa wa Raila kwa Mama Aketch, mama wa maombi anayevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Mama Aketch alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kiganja juu ya tumbo la Jeremy, akakiondoa haraka.

"Kuna kitu kilikuwa kinazunguka hakina pa kuingia," alisema. "Jini halina damu, halimjui mtu kwa harufu. Ninyi mmelipa damu, mkaifundisha mtoto mmoja tu. Sasa linamjua kuliko wewe."

"Nifanye nini, mama?"

"Kilichonyimwa kaburi kipewe kaburi. Sungura na chupa zote, tone lisibaki. Kwenu Siaya ndiko haki yake." Akamtazama mtoto, midomo yake ilivyopauka. "Lakini safarini mtakuwa nacho pamoja, kutwa nzima. Huyu hatafika."

"Basi nizike hapa."

"Ukizika hapa, hapa ndipo kwao. Usije ukaniambia sikukwambia."

Akeyo alilia kidogo, akafuta uso kwa leso. "Awe hai kwanza," alisema.

Kesho yake asubuhi wawili hao walisimama na mtoto mbele ya maabara na daktari akawafungia mlango. Kelele zilimtoa Shosho Waruguru nyumbani, na fimbo yake, na hasira zake za kuamshwa. Alisimuliwa. Daktari alijaribu kucheka. Shosho hakucheka.

"Hata sisi huzika hiyo kitu, kwa shamba ambalo halijalimwa," alisema. "Hakuna Mkikuyu anayeifungia kwa barafu. Murunga, nyumba ni yangu. Fungua ama uhame na sungura zako leo."

Chupa zilitoka kwenye friza, na Tabby, aliyezibeba, alizidondosha kwenye beseni kwa hofu, kwa sababu zilikuwa na joto. Barafu imezizunguka pande zote na zenyewe zina joto la mwili. Daktari alizigusa mwenyewe, akarudi nyuma hadi ukutani.

Shosho aliwaonyesha mahali nyuma ya migomba yake, udongo mwekundu ambao jembe halikuwahi kuugusa. Akeyo alichimba mwenyewe. Mama Aketch aliimba kwa sauti nyembamba, akazunguka shimo na kengele yake, akamwita Mungu na akakikemea kitu kile kwa Kijaluo na Kiswahili, na kadiri alivyokemea ndivyo hewa ilivyozidi kunuka damu na maji, ndivyo Jeremy alivyozidi kujinyonga mgongoni kwa Tabby, kitovu kikichuruzika hadi koti jeupe la msichana likawa halifai, huku migomba ikitikisika majani yake bila upepo wowote na kuku wa Shosho wakikimbilia barabarani, mpaka Mama Aketch akapaza sauti wamlete mnyama na kisu.

Kisu hakikuhitajika. Kizimba kilipofunguliwa kando ya shimo, sungura alitoka bila kusukumwa, akatazama watu mmoja mmoja, akaruka ndani. Akageuka mara moja, akalala juu ya chupa, akafumba macho kama aliyefika.

Mama Aketch aliacha kuimba. "Fukia," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Fukia upesi."

Kabla ya jioni kitovu kilikauka. Kovu la chanjo lilijifunga, na damu ya Akeyo mwenyewe ikakata. Jeremy alikunywa uji akaomba zaidi, na Benard, aliyekuja mbio kutoka mjengo, alimrusha juu na kumdaka hadi Akeyo akamkataza.

Mwaka ulipogeuka, mama yake Benard alituma neno kwamba anataka kumwona mjukuu. Walitoka Mashimoni alfajiri na mifuko yao, na hawakufika hata kituo cha basi. Mtoto alipoa mikononi mwa Benard, akawa wa kijivu, pumzi ikamkatika. Akeyo, akikumbuka maneno ya Mama Aketch, alimpokonya akakimbia naye, si hospitali, bali Kawangware, na alipoikanyaga ardhi ya Shosho Waruguru mtoto akavuta pumzi na kulia. Walihamia huko wiki hiyohiyo, chumba cha mabati kando ya migomba. Benard alikwenda Siaya peke yake kumweleza mama yake, na alichomweleza hakijulikani, ila yule bibi hakutuma neno tena.

Jeremy akakua. Akaanza kutembea, akaanza kusema, mtoto mnene, mwenye afya, asiyeugua hata mafua. Akeyo alimshukuru Mungu kila asubuhi, na alimaanisha. Jambo moja tu hakumwambia Benard. Alasiri moja alikuwa anaanua nguo, mtoto anacheza mlangoni na vifuniko vya soda, mvua ikawa inakuja, naye akamwita aingie ndani.

"Jeremy."

"Mama," mtoto akaitika pale mlangoni, bila kuinua kichwa.

"Mama," ikaitika sauti ileile kutoka nyuma ya migomba, na ikaanza kuja.